UZI: Fangasi wanaoua mialoni Ulaya na Marekani, na mwembe wa bibi yangu hapa Ujiji

Mjukuu wa Ujiji (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu nimeuahirisha tangu mwezi wa tatu, siku tulipoukata mwembe wa bibi. Nitaandika kirefu, maana naona miembe mingine mtaani imeanza safari ile ile, na wenyewe wanapaka chokaa shinani wakidhani wanaitibu.

Kwanza neno lenyewe. Sisi wa Kigoma ukitaja mwaloni tunawaza Kibirizi au Katonga, mitumbwi imevutwa nchi kavu na dagaa wameanikwa. Mwaloni ninaousema hapa ni mti, ule wa kwenye Biblia, Ibrahimu alipokaa penye mialoni ya Mamre. Duniani kuna spishi zaidi ya 400 za mti huo. Kwa Afrika, mialoni ya asili iko kaskazini tu, kule Moroko, Algeria na Tunisia. Kizibo cha chupa ya mvinyo ni gome la mmojawapo. Nilisomea misitu, na kila tulipofika kwenye magonjwa ya miti, mfano ulikuwa mwaloni. Nilijiuliza mtu wa Ujiji atakutana na mwaloni wapi. Jibu nimelipata kwenye ua wa bibi.

Bibi aliolewa mwaka 1958 akaukuta ule mwembe unazaa. Dodo. Kivuli chake kilikuwa sebule ya mtaa mzima: misiba imekaa pale, vikao vya harusi vimekaa pale. Mwaka 2016 ulijengwa ukuta. Fundi alichimba msingi hatua tatu tu kutoka shinani, akakata mizizi minene kama paja la mtu mzima, halafu kifusi chote akakirundika kwenye shina hadi usawa wa goti ili ua uwe sawa. Hakuna aliyesema kitu, hata mimi. Upande wa pili watoto walikuwa wanachomea taka.

Mti haukushtuka mwaka ule, wala uliofuata. Mwaka wa tatu majani yakaanza kuwa madogo. Wa tano, ncha za matawi ya juu zikabaki fito. Kisha ukazaa kupita kiasi, tukafurahi sana, bibi akagawa maembe hadi Mwanga. Sasa najua kwamba mti ulioelemewa mara nyingi huzaa hivyo.

Baada ya masika iliyofuata uyoga ukatokea upande wa kifusi. Mwanzo ulikuwa donge jeupe, kama ugali uliodondoka. Wiki chache baadaye ukawa rafu ngumu, kahawia nyekundu juu, inang'aa kama imepigwa vanishi, na ukingo mweupe wa maziwa. Chini yake kulikuwa na mchaichai wa bibi. Kila asubuhi bibi alikuta majani ya mchaichai yamefunikwa na unga wa kahawia, laini kama kakao, akaufuta kwa khanga akidhani ni vumbi la barabarani. Ule unga ulikuwa spora, mbegu za fangasi, zinamwagika usiku na mchana.

Mjomba aliung'oa uyoga kwa panga, tukaona tumemaliza kazi. Wakuu, uyoga ni tunda. Mti wenyewe wa fangasi umo ndani ya mbao, nyuzi nyeupe nyembamba kuliko unywele, na ukiuona uyoga ujue amekaa humo miaka. Siku ya kukata, chenso ilizama shinani kama kisu kwenye mkate. Ndani mbao ilikuwa nyeupe, imelowa, ukiibonyeza kwa kidole inarudi kama sifongo. Mbao nzima iliyobaki ilikuwa upana wa kiganja, upande mmoja. Mti wa tani kadhaa ulikuwa umesimama juu ya kiganja kimoja, na watoto wanacheza chini yake.

Fangasi huyo ni wa jamii ya Ganoderma. Jamii hiyo hiyo hula mialoni ya Ulaya kutokea chini ya shina, na jamii hiyo hiyo ndiyo adui mkubwa wa michikichi kule Malaysia na Indonesia. Sisi wenye michikichi tulisikie hilo vizuri.

---

Mama Kitalu Gungu

Pole sana mwanangu, na pole kwa bibi. Mwembe huo naufahamu, nimekula maembe yake. Naomba kuuliza mawili. Huo uyoga ndio uliouua mti, au ulikuta mti umeshakufa? Na kuna dawa? Nina mwembe wangu wa zamani, ncha zimeanza kukauka, na mwenye duka la pembejeo ananiambia nipulizie dawa ya ukungu kila wiki mbili. Fedha inakwisha, na mti uko vile vile.

---

Mjukuu wa Ujiji

Shikamoo mama. Swali lako la kwanza ndilo lililowasumbua wataalamu wa mwaloni kwa zaidi ya miaka mia, na jibu lao limenisaidia kuelewa kisa cha bibi.

Ulaya mialoni imekuwa ikidhoofika kwa mawimbi. Mtu anakuta mti umekufa, anafunua gome, anaona fangasi, anasema huyu ndiye muuaji. Akienda msitu mwingine anamkuta fangasi mwingine. Baadaye wakakubaliana kwamba mti mkubwa huangushwa kwa zamu. Kwanza kuna jambo la muda mrefu linaloudhoofisha: udongo ulioshindiliwa, maji yanayotuama, mti kupandwa pasipoufaa. Kisha kuna pigo: ukame mkali, viwavi waliomaliza majani, mizizi kukatwa. Wa mwisho ndio fangasi na wadudu wanaoingia mlango ukiwa wazi. Kwa hiyo mama, kwa mwembe wa bibi fangasi alimaliza kazi. Aliyeianza ni kifusi na sululu.

Ila si fangasi wote wanasubiri mti udhoofike, na hapa naomba tusichanganye. Marekani kuna mnyauko wa mwaloni, unaoletwa na fangasi aitwaye Bretziella fagacearum. Huyo anaingia kwenye mti wenye afya kamili. Anakaa ndani ya mirija ya maji, mti unajaribu kumzuia kwa kuiziba mirija yake wenyewe, na kwa kuiziba unajinyima maji. Mwaloni mwekundu unaweza kufa ndani ya wiki chache tangu majani yaanze kubadilika rangi. Mwaloni mweupe unavumilia zaidi, mwingine miaka.

Anavyosafiri ndiko kulikonishangaza. Chini ya gome la mti uliokufa anatengeneza vitanda vya ukungu vinavyovimba mpaka gome linapasuka, na vinanuka kama matunda yaliyoiva. Mbawakawa wadogo wanaopenda utomvu wanafuata harufu, wanajipaka spora, halafu wanaruka kwenda kwenye mti wowote wenye jeraha bichi. Ndiyo maana huko watu wanakatazwa kupogoa mialoni majira ya kuchipua, mbawakawa wanapokuwa wengi, na tawi likivunjika wanapaka rangi kwenye jeraha saa hiyo hiyo. Njia ya pili ni chini ya ardhi. Mizizi ya mialoni jirani hukutana na kuungana ikawa mwili mmoja, na fangasi anapita humo kama maji kwenye bomba. Kumzuia wanachimba mtaro wa kina cha zaidi ya mita moja kati ya mti mgonjwa na mzima. Mwaka 2023 amethibitishwa Kanada kwa mara ya kwanza, kule Ontario.

Na asitokee mtu akasema hayo ni ya Wazungu. Fangasi wa ukoo huo huo, Ceratocystis, ameua miembe mingi Oman tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, na Pakistan, na Brazil. Kule Oman anabebwa na mdudu mdogo anayetoboa gome la mwembe. Dalili: tawi moja linakauka na majani yanabaki yananing'inia, utomvu wa rangi ya kahawia unachuruzika shinani, halafu mti mzima unafuata. Ukiona hivyo usiseme ni uzee.

Kuhusu dawa: fangasi aliye ndani ya mbao ya shina hafikiwi na bomba la kupulizia. Unanyunyiza majani, yeye yuko kwenye mifupa. Usitoe tena fedha hiyo kabla hatujajua mti wako una nini.

---

Kijana wa Urambo

Mwangaluka wakuu. Natokea Tabora na nina mambo mawili. La kwanza, baada ya kusoma sehemu ya kwanza baba ameniambia tung'oe uyoga wote unaoota chini ya miti yetu ya miyombo. Ni sahihi? La pili, tulisafisha pori la miyombo tukapanda miembe ya kisasa na michungwa. Miche inakufa mmoja mmoja, tena karibu na visiki vya zamani. Mchwa hakuna, tumeangalia.

---

Mjukuu wa Ujiji

Ndugu yangu, mwambie mzee aache panga chini. Uyoga mwingi unaoota ardhini kwenye miyombo wakati wa mvua, ule mama zetu wanaokusanya na kuuza kando ya barabara, ni rafiki wa mti. Nyuzi zake zimeivisha mizizi ya miti ya miyombo, kama mtundu na muba, mfano wa soksi, zinaitafutia maji na fosforasi mahali mizizi yenyewe isipofika, na mti unazilipa sukari. Mwaloni nao unaishi hivyo hivyo, na hapo mwaloni na miyombo ya Tabora ni ndugu wa tabia. Ukiona uyoga laini umetoka ardhini hatua kadhaa kutoka shinani, uache, au uule kama unaufahamu vizuri. Wa kukutia wasiwasi ni ule ulioshika shina au mizizi mikubwa, hasa ule mgumu wa kama rafu.

Hata huo, usikimbilie kukata mti. Kuna fangasi mmoja wa mwaloni Uingereza anayefanana na kipande cha ini bichi, ukimkata anatoa maji mekundu. Anakula kiini cha mti taratibu sana, mti unabaki na uwazi ndani, lakini unaendelea kuishi mamia ya miaka kwa sababu sehemu hai ya mti iko nje, karibu na gome. Mti wenye pango si maiti. Wafuga nyuki wa Tabora wanalijua hilo kuliko mimi.

Kuhusu miche inayokufa karibu na visiki, chimba mmoja ulioanza kunyauka. Kwangua gome la mzizi pale unapokutana na shina. Ukikuta utandu mweupe kama wa maziwa yaliyopoa, na harufu kali ya uyoga, mshukiwa wako ni Armillaria. Ulaya wanamwogopa kwenye mialoni. Anatambaa ardhini kwa kamba nyeusi kama za viatu. Kule Oregon, Marekani, kuna mmoja aliyeenea kwenye eneo la karibu kilomita za mraba 9, na amepimwa akaonekana ni kiumbe kimoja. Afrika Mashariki amesumbua sana mashamba ya chai yaliyofunguliwa kwenye misitu, kwa sababu anaishi kwenye visiki na mizizi iliyoachwa, kisha anahamia kwenye zao jipya.

Na dawa nzuri ilipatikana jirani hapa, Malawi, miaka ya 1930. Mtaalamu mmoja, Leach, aligundua kwamba ukiuvua mti gome kuuzunguka mwaka mmoja au zaidi kabla ya kuukata, majani yanaendelea kufanya kazi huku mizizi ikikosa chakula. Mizizi inamaliza akiba yake ya wanga, na ukija kukata mti Armillaria anakuta ghala tupu. Kwako miti imeshakatwa, kwa hiyo kazi iliyobaki ni ngumu: ng'oa visiki na mizizi yote minene kuliko kidole gumba, choma, na pale mche ulipofia panda mahindi au mtama misimu kadhaa kabla ya kurudisha mti.

---

Mwalimu wa Kasulu

Asante kwa somo. Mimi miembe yangu haioti uyoga wowote, ila kila mwaka maua yanakuwa meupe kama yamepakwa majivu, yanakauka na kupukutika. Hilo nalo linahusiana na hiyo mialoni?

---

Mjukuu wa Ujiji

Mwalimu, umeuliza swali nililokuwa nalisubiri tangu mwanzo.

Huo ni ubwiri unga. Sasa sikiliza. Mwaka 1907 mialoni ya Ulaya ilianza kupakwa unga mweupe kwenye majani machanga, ugonjwa ambao haukuwa umewahi kuleta kishindo kule. Ndani ya miaka michache ulienea karibu Ulaya nzima. Mialoni michanga ikafa kwa wingi, na mikubwa iliyokuwa imeliwa majani na viwavi ikachipua upya, majani mapya yakashikwa na ubwiri, mti ukaishiwa nguvu. Kwa miaka mingi watu walijiuliza ulitoka wapi.

Wataalamu walipokuja kupima vinasaba vya ubwiri unga wa mwembe wakakuta ni spishi zile zile za mwaloni, Erysiphe alphitoides na Erysiphe quercicola, na zote mbili zimepatikana kwenye miembe ya bara la Ulaya. Yaani anayekausha maua ya mwembe wako hapo Kasulu na anayepaka unga majani ya mwaloni Ufaransa, yaelekea ni kiumbe kimoja. Wapo wanaodhani alihamia kwenye mwaloni kutoka kwenye mimea ya nchi za joto iliyosafirishwa wakati wa ukoloni. Niliposoma hayo nilikaa kimya muda mrefu. Miembe yetu ilifika hapa na misafara ya biashara, ikapandwa kutoka pwani kupitia Tabora mpaka Ujiji. Mti aliokutania Livingstone na Stanley mwaka 1871 haupo tena, na miembe iliyopo pale leo inaelezwa kuwa uzao wake. Mti ukisafiri, wageni wake wanasafiri nao.

Mwalimu, fangasi huyu anadhibitika, maana anakaa juu ya ua, hajajificha ndani ya mbao. Anapenda kiangazi, usiku wa baridi na umande wa asubuhi. Salfa inamshinda, ile ile wanayopuliza wakulima wa korosho kusini, ila lazima uanze vikonyo vinapochomoza, kabla unga haujaonekana. Ukisubiri mpaka ua liwe jeupe umechelewa. Puliza asubuhi na mapema, funika pua na macho. Na pogoa katikati ya mti baada ya mavuno ili upepo upite.

---

Mama Kitalu Gungu

Nimerudi. Nina miche ya parachichi kwenye viriba, inanyauka hata nikimwagilia. Ni fangasi hao hao?

---

Mjukuu wa Ujiji

Mama, na hapa mwaloni umekutangulia. Ureno na Hispania mialoni ya vizibo inakufa kwa Phytophthora cinnamomi, na huyo huyo ndiye anayeozesha mizizi ya parachichi duniani kote. Kisayansi si fangasi halisi, ukoo wake uko karibu na mwani, na ndiyo maana anapenda maji: spora zake zina mikia, zinaogelea kwenye udongo uliolowa mpaka kwenye mzizi. Mche unanyauka kwa sababu mizizi myembamba imeoza, wewe unaona kiu unaongeza maji, na yeye anafurahi.

Ndugu yake mwingine aliua mialoni mamilioni California kuanzia miaka ya 1990, mti unatoka utomvu mweusi kama unavuja damu. Huyo alisambazwa na miche ya maua kutoka kwenye vitalu. Nakuomba sana mama, kwa sababu kitalu chako kinapeleka miche mpaka Uvinza na Kasulu: mche uliooza mizizi usiuuze hata kwa bei ya kutupa. Viriba viinue kwenye kichanja, visikae kwenye tope. Udongo wa kujazia ukaange kwanza kwenye pipa. Maji ya mtoni usiyatumie.

---

Mama Kitalu Gungu

Nimekuelewa, na nitafanya. Sasa ule mwembe wangu. Leo asubuhi mimi na mwanangu tumeondoa udongo shinani kwa mikono kama ulivyoeleza kisa cha kifusi. Ulikuwa umezikwa mkono mzima, na mimi nilidhani umeota hivyo. Tumekuta misumari, kipande cha wavu, na vijizizi vyembamba vingi vilivyoota juu kwenye kile kifusi. Uyoga hakuna. Ila upande wa magharibi gome limelainika, eneo kama sahani ya wali, na lina rangi nyeusi.

---

Mjukuu wa Ujiji

Mama, umefanya kazi ambayo sisi hatukuifanya kwa miaka saba. Usirudishe udongo. Ule mpanuko wa shina pale mizizi inapoanzia unatakiwa uone hewa. Vile vijizizi vya juu usivikate vyote kwa siku moja, mti umekuwa ukivitegemea. Chokaa usipake, oili chafu usipake. Matawi makavu yakate kufikia penye mbao hai, panga ulifute kwa spiriti kila tawi.

Hiyo sehemu nyeusi isikilize. Chukua nyundo ya mbao, gonga taratibu kuanzia pembeni ukielekea katikati. Mbao nzima inajibu kwa mlio mkavu, mfupi. Iliyooza inajibu kama ngoma iliyolegea. Kila pale mlio unapobadilika weka alama ya chaki, zunguka shina lote. Alama zikibaki ndani ya ile sahani, mti una nafasi kubwa. Zikizunguka zaidi ya nusu ya shina, hamisha kwanza benchi la wateja na kitanda cha mjukuu wako kutoka chini yake.

Nitapita Jumamosi saa moja asubuhi kabla ya jua kali. Alama usizifute.